Marathoni ya Kwanza kwa Mkazi wa Mombasa: Jifunze Kukimbia Polepole

Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, na rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 zilikuwa zake. Katika mzunguko wa mwisho mwili ulimgomea, akaacha mbio, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Bekele hakuwa peke yake aliyeshindwa kumaliza siku ile. Watu hao hawakukosa mazoezi wala moyo. Walikutana na joto na unyevu wa pwani wa mwezi Machi.

Sisi tunaohudumia wakimbiaji katika tiba ya viungo tunaikumbuka siku ile kila tunapompokea mtu aliyepakua programu ya mazoezi kutoka intaneti, akaifuata neno kwa neno, na wiki ya tano akaja akichechemea, hana usingizi na amekata tamaa. Programu nyingi za aina hiyo zimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Zinakwambia ukimbie kila kilomita kwa dakika kadhaa, na hazijui kwamba wewe unatokea Kisauni au Likoni.

Jasho peke yake halipoozi mwili. Kinachopooza ni kule kukauka kwake juu ya ngozi, kwani likigeuka mvuke huondoka na joto. Hewa yetu imejaa unyevu, na alfajiri ndiyo unazidi, kwa hivyo sehemu kubwa ya jasho hudondoka chini bila kufanya kazi yoyote. Hapo moyo hubeba mizigo miwili: kupeleka damu kwenye ngozi ili joto litoke, na kupeleka damu kwenye misuli inayokimbia. Mwendo ambao mtu wa Eldoret, kule kwenye baridi ya nyanda za juu, anaumudu huku akipiga soga, mtu wa Mombasa huufanya moyo ukimdunda kana kwamba yuko mashindanoni. Akiung'ang'ania kila siku, anajichosha bila kujijenga.

Habari njema ni kwamba mwili huzoea joto. Ukikimbia ndani ya joto kwa kiasi, kwa utaratibu, kwa muda wa siku 10 hadi 14, maji yaliyomo kwenye damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kupoteza chumvi kidogo kuliko awali, na mapigo ya moyo hushuka kwa mwendo uleule. Lakini usidhani kuzaliwa Pwani kunatosha. Mtu anayeshinda ofisini chini ya kiyoyozi na kurudi nyumbani kwa gari lenye vioo vilivyofungwa hajazoea joto, hata kama babu na bibi zake wote ni wa Mji wa Kale.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio nilioandikia makala haya, ni huu: kwa miezi yote ya mwanzo acha saa ya mkononi, pima mwendo kwa mazungumzo. Kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kuhema katikati, punguza. Kama ikibidi utembee dakika moja kila baada ya dakika kumi, tembea. Mbio nne kati ya kila tano ziwe za namna hiyo. Najua inauma kupitwa na kijana mwenye raba mpya pale Mama Ngina, naye anakutazama kwa huruma. Mwache apite. Wanariadha wakubwa wa Iten, mji wa wakimbiaji huko Bonde la Ufa, nao huanza mazoezi ya asubuhi kwa mwendo wa taratibu kabisa, wakiongeza kadiri mwili unavyofunguka. Mbio za polepole ndizo zinazoongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, zinazoufundisha mwili kuchoma mafuta, na zinazozipa kano (nyuzi zinazoshikiza misuli kwenye mifupa) na mifupa muda wa kukomaa. Pumzi huja haraka, ndani ya wiki chache tu. Kano na mifupa huchukua miezi, na katika pengo hilo ndimo wengi wanapoumia.

Kabla ya kuingia kwenye programu ya marathoni yenyewe, uwe umeshakimbia mara tatu kwa wiki kwa muda wa miezi sita hivi, na kilomita 10 uzimalize bila taabu. Kisha jipe wiki 16 hadi 20. Siku tatu au nne za kukimbia kwa wiki zinamtosha mwenye kazi na familia. Mbio moja iwe ndefu, mara nyingi Jumamosi au Jumapili, ikianzia kilomita 12 hivi na kuongezeka taratibu, halafu kila wiki ya nne uipunguze ili mwili upumue. Kilele chake ni kilomita 28 hadi 32, au saa tatu na nusu, lolote litakalotangulia. Huulizwa sana mbona mtu asikimbie kilomita zote 42 mazoezini ili apate uhakika. Kwa anayeanza, zile kumi za mwisho humharibu kuliko zinavyomfundisha, na wiki mbili zinazofuata za mazoezi hupotea akiuguza miguu. Wiki mbili au tatu za mwisho kabla ya shindano punguza umbali sana. Hapo wengi huingiwa na hofu wakaongeza mbio za siri, wakafika mstari wa kuanzia wamechoka.

Kalenda ya Mombasa ina maneno yake. Kaskazi inapokwisha, Februari na Machi, ndiyo miezi mibaya zaidi kwa mbio ndefu, na miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo. Anayefunga asijaribu kufika kilele cha mazoezi ndani ya mwezi huo. Atosheke na mbio fupi za polepole, ama karibu kabisa na magharibi ili futari iwe mlangoni, ama usiku baada ya tarawehe akiwa ameshakunywa maji. Mvua za masika zikipungua na kusi likashika, Julai na Agosti, tunapata hewa nzuri kuliko mwaka mzima, na hapo ndipo pa kuziweka zile kilomita ndefu. Ukiyalenga mashindano ya mwisho wa mwaka, kama marathoni ya Nairobi ambayo kwa kawaida huwa Oktoba, hesabu inakubali vizuri: unaanza Juni mvua zikielekea mwisho, unamaliza kabla joto halijarudi.

Toka saa kumi na moja alfajiri, urudi kabla jua halijapanda. Barabara ya Mama Ngina, Kizingo, kuzunguka hadi Fort Jesus ni njia nzuri saa hizo. Nyali nako kuna barabara pana. Kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, vaa nguo inayong'aa, na usiweke muziki masikioni, maana bodaboda haipigi honi kila mara. Kina dada wengi hunieleza kwamba kinachowazuia si uchovu bali ni kutoka peke yao gizani, na wana haki. Tafuteni kundi, hata la watu watatu. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kisichoshika maji.

Mchanga wa Nyali na Bamburi hufaa maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa ule ulioloa huwa mgumu. Tatizo ni kwamba ufuo umeinama kuelekea baharini, hivyo mguu mmoja huwa juu na mwingine chini, na nyonga hulipia. Kimbia umbali mfupi, urudi kwa njia ileile, na uulize saa za maji kabla ya kutoka, maana wakati wa bamvua ukanda wa kukimbilia humezwa haraka.

Kuhusu raba sina mengi. Za mitumba kutoka Kongowea si dhambi, mradi soli yake iwe bado inarudi ukiibonyeza na isiwe imelala upande mmoja. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele.

Maji yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa makosa yako pande zote mbili. Jipime uzito kabla ya kukimbia na baada, bila nguo zilizolowa. Kila kilo uliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na hapa kwetu kupoteza zaidi ya lita moja kwa saa ni jambo la kawaida. Ukipungua zaidi ya asilimia mbili ya uzito wako, yaani kilo moja na nusu hivi kwa mtu wa kilo 70, umekunywa kidogo. Lakini ukirudi umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na hiyo ni hatari vilevile: chumvi ya damu huzimuka, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Utafiti uliofanywa kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa walikuwa na chumvi pungufu katika damu, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mno na waliotumia muda mrefu barabarani. Hao wa mwisho ndio sisi, watu wa saa nne na tano. Kunywa unapohisi kiu, kidogo kidogo.

Madafu nayapenda na sitamkataza mtu. Ila dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, ilhali jasho linapoteza chumvi hasa. Ukilitegemea dafu pekee kwa saa tatu, hujarudisha ulichopoteza. Tia chumvi kidogo, au tumia pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zinazouzwa duka la dawa, kwa kipimo kilichoandikwa. Pangeni mbio ndefu kwa mizunguko ya kilomita tano au saba inayopita nyumbani au dukani, ili maji yawe karibu.

Kisha chakula. Mwili huweka akiba ya wanga inayotoa takriban kalori 2,000. Kukimbia hutumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hivyo mtu wa kilo 70 anahitaji karibu 3,000 kufika kilomita ya 42. Ingawa sehemu ya nguvu hiyo hutoka kwenye mafuta, kwa wengi akiba ya wanga huelekea kuisha karibu na kilomita ya 30, na anayeanza kwa kasi humaliza yake mapema zaidi. Ndiyo maana tunasisitiza gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, kuanzia saa ya kwanza, wala usingoje njaa. Ndizi moja ya wastani ina gramu 27 hivi. Tende chache zinakaribia hapo. Zijaribu mazoezini, tumbo nalo hufundishwa. Usiku wa kuamkia mbio ndefu wali au ugali unatosha. Asubuhi yake uji au mkate na chai, na mahamri uyaache mpaka utakaporudi, kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu.

Sasa mambo ambayo kama mhudumu wa afya siwezi kuyapitia juujuu. Ukanda wetu wa pwani una watu wengi wanaobeba jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, bila kuwa wagonjwa. Wengi huishi na kufanya michezo bila shida, lakini kujisukuma kupita kiasi katika joto kumewahi kuwaangusha wenye hali hiyo duniani, misuli ikivunjika na figo kuharibika. Kama kuna mgonjwa wa selimundu katika ukoo wenu, pima kabla ya kuanza. Jibu halitakuzuia kukimbia, litakufanya uongeze mwendo kwa uangalifu. Mwenye presha, kisukari, maumivu ya kifua, aliyewahi kuzimia akifanya mazoezi, au aliyefiwa na ndugu kijana ghafla amwone daktari kwanza.

Ukiwa na homa usikimbie. Iwe malaria, dengi au mafua, kukimbia na homa huuweka moyo hatarini. Ngoja upone, kisha uanze upya kwa kutembea.

Na zile dawa za maumivu, diclofenac na ibuprofen, ambazo watu humeza asubuhi ya shindano ili goti lisilalamike: tafadhali ziacheni. Mwili ukiwa umekauka maji, dawa hizo huzinyima figo damu. Maumivu ya misuli pande zote mbili, yanayopungua ukipasha mwili moto, huvumilika. Maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole na yanayozidi ukiendelea, yanaweza kuwa ufa. Simama siku hiyohiyo. Dada ambaye hedhi yake imekatika tangu aongeze mazoezi asione ni nafuu. Mara nyingi anakula pungufu ya anachotumia, na mifupa yake inadhoofika.

Ukienda Nairobi, baridi itakudanganya kwamba una nguvu mpya. Mji ule uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na oksijeni inayoingia katika kila pumzi ni pungufu, nazo barabara zina miinuko tusiyoizoea. Wiki za kilele nenda Rabai au Mazeras ukafanye vilima, na siku ya shindano rudi kwenye kipimo cha mazungumzo mpaka kilomita ya 25.

Ukishindana hapa Pwani, mtazame mwenzako. Mkimbiaji anayeyumba, anayejibu maneno yasiyoeleweka au aliyegeuka mkali ghafla, ngozi ikiwa inachoma, amepigwa na joto. Usingoje ambulensi ndipo umhudumie. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mfululizo, mpepee, na barafu yoyote inayopatikana, hata ya wauza samaki, iwekwe shingoni, kwapani na kinenani. Kila dakika ambayo mwili unakaa juu ya nyuzi 40 inaharibu ubongo na ini, kwa hivyo kupooza hutangulia safari ya hospitali.

Baada ya kumaliza, tembea, kula, lala. Kwa wiki mbili usikimbie kwa kasi. Misuli itauma, kushuka ngazi kutakuwa kazi, na hayo ni ya kawaida. Mkojo ukitoka rangi ya kahawa nyeusi, au usipotoka kabisa kwa saa nyingi ingawa umekunywa, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie kwamba umekimbia marathoni.