Metali Kidogo Ndani ya Kauri ya Zinki: Kwa Nini Umeme Hubadili Tabia

Ndani ya vifaa vingi vya kukinga vyombo vya umeme dhidi ya volti kupanda ghafla kuna kidude bapa cha mviringo chenye miguu miwili ya waya. Hicho ni varista, kidude kinachozuia mkondo katika volti ya kawaida na kuupitisha volti ikipanda mno. Zaidi ya asilimia 90 yake ni oksidi ya zinki, unga mweupe uleule unaotiwa kwenye dawa za kupaka ngozi. Ukiushindilia unga huo mtupu na kuuchoma tanuruni utapata kauri, lakini haitakinga chochote. Kazi hufanywa na metali nyingine zilizochanganywa humo kwa kiasi kidogo, na la msingi ni pale ambapo kila metali huenda kukaa.

Oksidi ya zinki ni semikonda, yaani hupitisha umeme kwa kiasi tu. Alumini ikishika nafasi ya zinki ndani ya fuwele, huja na elektroni moja ya ziada, nayo huwa huru kusafiri. Ukinzani hushuka hata kama alumini yenyewe ni ya kuhesabu kwa sehemu chache katika milioni. Lithi ikikaa mahali hapohapo hufanya kinyume: ina elektroni pungufu, hivyo huzinasa zilizopo na ukinzani hupanda.

Bismuthi ni habari nyingine kabisa. Ayoni yake, yaani atomi yake yenye chaji, ni kubwa mno kuingia ndani ya punje za oksidi ya zinki, zile fuwele ndogondogo zinazounda kauri. Tanuru likielekea nyuzi 1,100 hadi 1,300 za selsiasi, oksidi ya bismuthi huyeyuka mapema na kupenya katikati ya punje. Kauri ikipoa, bismuthi hubaki mipakani pamoja na oksijeni ya ziada, elektroni hunaswa hapo, na kila mpaka hugeuka kizuizi. Kobalti na manganizi hukiimarisha kizuizi hicho. Antimoni huzuia punje zisikue kupita kiasi.

Kizuizi kimoja huhimili takriban volti 3 kabla ya kuachia mkondo upite. Kauri yenye unene wa milimita 1 na punje za maikromita 10 (sehemu moja ya mia ya milimita) ina mipaka kama 100 kutoka upande hadi upande, kwa hiyo huachia kwenye volti 300 hivi. Mhandisi akitaka volti nyingine, hubadilisha unene au ukubwa wa punje. Na kuachia kwenyewe ni kwa ghafla: katika varista nzuri, volti ikiongezeka kwa asilimia 10 tu, mkondo unaweza kuongezeka zaidi ya mara 15. Kauri za aina hii zilielezwa na Michio Matsuoka wa Japani mwaka 1971.

Alumini nayo hutiwa kwenye varista, ila kwa kiasi kidogo sana. Radi inapopiga, vizuizi vyote vimeshaachia na ukinzani unaobaki ni wa punje zenyewe. Hapo alumini husaidia. Ikizidi, mkondo huvuja hata katika volti ya kawaida. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo kigumu kuliko vyote katika mchanganyiko huu.

Mvujo huo ndio huiua varista. Kila pigo kubwa husogeza ayoni mipakani, vizuizi hushuka, kauri hupata joto, na joto huzidisha mvujo. Ndiyo maana vikinga vingi huwekewa fyuzi ya joto. Fyuzi hiyo ikikatika, soketi ya baadhi ya vikinga huendelea kutoa umeme kama kawaida ilhali kinga haipo tena. Taa ndogo ya kiashirio, kama ipo, ndiyo ya kuangaliwa.