Mawimbi hayang'arishi kauri

Anayeanza kukusanya makombe huambiwa mapema kwamba kauri zinazometameta kwenye meza za wauza vinyago zimeokotwa ufukweni zikiwa tupu, na kwamba zimeng'arishwa na mawimbi. Mambo ni kinyume kabisa.

Kauri ni nyumba ya konokono wa baharini. Akiwa hai, hutoa nyama laini kama joho pande zote mbili, akalifunika kombe lake mpaka mgongoni. Joho hilo ndilo linalotandaza tabaka jipya la gamba, na ndilo linalozuia mwani na mikwaruzo. Akifa, kinga hiyo imekwisha. Mchanga na mawimbi hulisugua kombe, jua hulipausha, na baada ya muda madoa yake hufifia. Kwa hiyo kauri kubwa yenye madoadoa, inayong'aa kama kigae kipya, karibu kila mara ilichukuliwa mwenyewe akiwa ndani.

Mimi napenda zaidi zile zilizopauka, hasa zilizotoboka mgongoni, maana unaona jinsi kombe lilivyojikunja ndani.

Ukiokota, geuza kwanza: huenda kaa amehamia humo. Kombe la aina nyingine, lililochongoka kama pia ya kuchezea, usilishike kabisa likiwa na uhai. Konokono wake ana mwiba wenye sumu, na baadhi wameshaua watu. Na katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, hata lililo tupu liache hapo hapo.