Sheria ya maadili na sheria ya ibada: mpaka uko wapi?

Katika Biblia, sheria ya maadili ni ile ya usiue, usiibe, usimshuhudie jirani yako uongo. Sheria ya ibada, ambayo wengine huiita sheria ya kafara, inahusu dhabihu, ukuhani, sikukuu, tohara, vyakula na unajisi. Mfano wake ulio wazi ni Hesabu 19: ng'ombe jike mwekundu asiye na kipaku, asiyewahi kutiwa nira, anachomwa, majivu yake yanatiwa maji, na aliyegusa maiti ananyunyiziwa siku ya 3 na ya 7. Ajabu ni kwamba anayeyazoa majivu hayo hunajisika yeye mwenyewe hadi jioni.

Torati yenyewe, yaani vitabu vitano vya Musa, haina mgawanyo huo. Fungua Walawi 19. Aya ya 18 inaagiza umpende jirani yako kama nafsi yako. Aya ya 19 inakataza vazi la nyuzi za namna mbili. Kumbukumbu la Torati 22:11 inazitaja: sufu na kitani. Hadi leo Wayahudi washika Torati hupeleka suti mpya kwa mkaguzi, maana suti ya sufu huweza kufichwa kitani ndani ya kola.

Marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, huhesabu amri 613: 248 za kutenda, 365 za kukataza. Hutofautisha mishpatim, ambazo akili inaona sababu yake, na chukim, zisizotolewa sababu. Tofauti hiyo haipunguzi uzito: zote zinafunga. Dhabihu zilikoma Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70 kwa kukosa madhabahu, hakuna aliyezifuta.

Kwa Wakristo, Matendo 15 iliwaondolea watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, tohara, ikawaachia makatazo manne: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa na uasherati. Ona maadili na ibada zilivyochanganyika humo! Mafungu matatu yanayofundishwa makanisani, yaani maadili, ibada na hukumu za taifa la Israeli, yalipangwa vizuri na mwanateolojia Mkatoliki Thomas Aquinas karne ya 13, na Waprotestanti wakayarithi.

Panapokwama ni Sabato. Imo katika Amri Kumi, lakini pia ni siku ya ibada. Aquinas aliikata katikati: kumtengea Mungu muda ni maadili, kuwa siku ya saba ni ibada. Wasabato wanakataa mkato huo. Kwao amri ya nne ni nzima, Jumamosi ikiwemo. Nguruwe pia hawamli, wala hawalihesabu katazo hilo chini ya sheria ya kafara: Nuhu, wanasema, aliwatenga wanyama safi na wasio safi katika Mwanzo 7, Musa hajazaliwa.