Antholojia ya Kutisha si Filamu Fupi Zilizounganishwa

Jina la antholojia limekuwa likibandikwa ovyo. Mtayarishaji mwenye filamu fupi nne za kutisha, zilizopigwa kwa nyakati tofauti na watu wasiofahamiana, huziunga moja baada ya nyingine, akaweka jina moja mwanzoni, kisha akatangaza kwamba amekamilisha antholojia kwa bajeti ndogo. Tendo lenyewe halina ubaya wowote. Tatizo ni kwamba watengenezaji wachanga wanaosikia maelezo hayo huanza kazi zao kwa mpango usio sahihi, na hasara yake hujitokeza katika chumba cha uhariri, wakati fedha zimekwisha na waigizaji wametawanyika.

Antholojia ni filamu moja yenye visa kadhaa vinavyojitegemea, kila kimoja na wahusika wake na mwisho wake, vilivyokusudiwa tangu awali kutazamwa pamoja na kwa mpangilio maalumu. Mara nyingi huwa na kisa kibebaji, yaani kile kinachovibeba vingine, kama vile masimulizi ya Shahrazad yanavyozibeba hadithi za Alfu Lela Ulela. Kisa hicho si sharti. Filamu ya The ABCs of Death ya mwaka 2012 haina kisa kibebaji, lakini ina kanuni iliyowekwa kabla ya kamera kuwashwa: visa 26 vya waongozaji mbalimbali, kila kimoja kikipewa herufi moja ya alfabeti na dola 5,000 za Marekani. Kazi zao zinapishana mno kwa ubora, jambo ambalo ni udhaifu halisi, lakini hakuna awezaye kudai kwamba ziliokotwa.

Tofauti ninayotaka izingatiwe basi haiko katika idadi ya visa wala katika urefu wake. Iko katika swali moja: je, kisa kimoja kikiondolewa, filamu nzima inaumia? Mfano bora ni Dead of Night, iliyotengenezwa Uingereza na studio ya Ealing mwaka 1945 chini ya waongozaji wanne. Msanifu majengo anafika kwenye nyumba moja ya shamba na kutambua kwamba watu wote waliomo amekwisha kuwaona ndotoni. Wageni wanasimulia mmoja baada ya mwingine mambo ya ajabu yaliyowapata, na mwishoni visa hivyo vinamrudia msanifu vikiwa vimechanganyika katika jinamizi moja. Filamu ilipopelekwa Marekani, visa viwili vilikatwa ili kupunguza urefu, na watazamaji wa huko wakakutana katika jinamizi hilo na mambo ya visa ambavyo hawakuwa wameonyeshwa. Nyama haikukatwa pembeni, ulikatwa mshipa. Ukikata filamu mbili kati ya nne zilizoungwa tu, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na nyingine.

Bajeti ndogo ndiyo inayofanya suala hili liwe la vitendo. Ni kweli kwamba umbo hili linawafaa watengenezaji huru: kila kisa hupigwa kwa siku chache, mwigizaji hahitajiki kwa muda mrefu, na upigaji unaweza kusimama kwa miezi bila mtazamaji kuona nywele za mhusika zimebadilika. Lakini upo upande wa pili usiotajwa sana. Kila kisa kipya hudai waigizaji wapya, mahali papya, mavazi na vipodozi vipya, wakati filamu ya kisa kimoja inaweza kutumia nyumba ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Nafuu ya antholojia haipatikani ila kwa kupangwa. Mwongozaji Richard Oswald, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, alionyesha njia mojawapo tangu mwaka 1919, katika Unheimliche Geschichten, aliposimulia visa vitano kwa kuwatumia waigizaji wakuu walewale watatu katika nafasi mbalimbali. Kilichookoa malipo kikawa pia ndicho kilichoishikamanisha filamu.

Mpango wa namna hiyo husaidia hata fedha zinapopungua katikati ya kazi. Katika Das Wachsfigurenkabinett ya Paul Leni, ya mwaka 1924, mshairi anaajiriwa kutunga hadithi za sanamu za nta. Kisa cha sanamu moja, ile ya jambazi Rinaldo Rinaldini, hakikupigwa kwa sababu ya ukosefu wa fedha, ingawa sanamu yenyewe inaonekana. Filamu haikuanguka, kwa kuwa kisa kibebaji kilikuwa imara kiasi cha kustahimili pengo hilo. Leo wengi hufanya kinyume chake: kisa kibebaji huandikwa mwisho na kupigwa kwa salio la bajeti katika chumba kimoja, nacho huonekana hivyo hivyo.

Anayeunga kazi za zamani hurithi pia matatizo yasiyoonekana kwenye muswada. Kisa kimoja kilirekodiwa kwa picha 24 kwa sekunde na kingine kwa 25; sauti ya hiki ni ya chini na ya kile inapasua masikio; muziki ulipatiwa kibali cha matamasha pekee, kwa hiyo msambazaji hawezi kuupokea; na mwongozaji mmoja hajawahi kutia saini ya kukabidhi haki. Katika antholojia halisi mambo haya huamuliwa mara moja, kwa waraka mmoja unaogawiwa waongozaji wote kabla ya siku ya kwanza ya upigaji.

Kwa hiyo, mwenye filamu fupi nne zilizokwisha kukamilika aziite mkusanyiko wa filamu fupi, jina la heshima ambalo watazamaji wanalielewa na matamasha yanalipokea. Akitamani ziwe antholojia, bado inawezekana, lakini itambidi aandike kisa kibebaji kinachozihitaji zote nne, azipange upya kwa kukifuata, na awe tayari kuiacha nje ile isiyokuwa na nafasi humo, hata kama ndiyo anayoipenda kuliko zote.