Mkono Ukinyooshwa Sokoni: Nani Apewe Fedha, Nani Apewe Msaada Mwingine

Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, wasiojiweza huanza kukaa kwenye baraza za maduka yaliyo jirani na misikiti, Mtwara mjini na Lindi pia. Wapita njia wengi hujiuliza jambo moja: hii jero, yaani shilingi 500, inamsaidia au inamharibu? Kabla ya kujibu, tazama umri wa anayeomba.

Mtu mzima akiomba na unacho, mpe bila kumhoji. Mzee anayelala barazani anajua kukushinda wewe kama leo amepungukiwa sabuni, dawa ya maumivu au sahani ya wali. Wapo watakaoinywea pombe, hilo halifichiki, lakini si sababu ya kuwanyima wote. Kinachodhuru zaidi ni namna ya kutoa. Noti ya 10,000 ikitolewa jioni mbele za watu inamweka hatarini anayelala nje, kwani usiku ataporwa. Toa kidogo, mchana, mkononi mwake. Unga haumfai asiye na jiko, na ubwabwa wa shughuli uliolala kwenye joto la pwani hii utamharisha. Kama unapita hapo mara kwa mara, lipia sahani tano kwa mama lishe wa jirani, mkubaliane ampe moja kila siku. Atakula cha moto, na asipoonekana siku mbili kutakuwa na mtu wa kuuliza yuko wapi.

Huku kusini majira nayo yana mambo yake. Fedha za minada ya korosho zikiingia, kuanzia Oktoba, mikono hufunguka. Ifikapo Februari mvua inanyesha, baraza zimelowa, mbu wamejaa na mifuko imekauka, na hapo ndipo homa humkuta anayelala nje. Anayetenga shilingi 1,000 kila wiki hutoa 52,000 kwa mwaka, na sadaka yake haikatiki miezi ya njaa.

Anayeomba nauli, mkatie tiketi kwa jina lake. Anayeonyesha cheti cha daktari, lipia dawa dirishani. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana msamaha wa matibabu katika hospitali za serikali, kama Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Aanze na barua ya serikali ya mtaa, kisha aende ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali. Wengi hukwama kwenye barua: haina muhuri, au mwenyekiti anasema hamtambui mzee huyo kama mkazi wake. Ukimsindikiza na kueleza analala wapi na tangu lini, umemsaidia kuliko sarafu za mwezi mzima.

Mtoto usimpe fedha. Vijana wakubwa humnyang'anya, au kuna mtu mzima kivulini anayesubiri hesabu ya jioni, na kumtuma mtoto akaombe ni kosa kisheria. Mnunulie chakula ale ukiwepo, umsalimie, umuulize jina na anapolala, bila kumbana. Usimpige picha ya kurusha mtandaoni, wala usimchukue ukaishi naye kwako kimyakimya. Toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa, kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo. Kusema "kuna mtoto stendi" hakutoshi. Taja upande gani wa stendi, saa ngapi, umri wa kukadiria, nguo alizovaa, yuko na nani, na kama ana jeraha.

Kigumu kuliko vyote ni mzee asiyeona anayeongozwa na mjukuu, mmoja mbele na mwingine nyuma, wameshika fimbo moja. Mpe mzee mkononi mwake, kisha kaa naye chini: "Shikamoo babu. Mjukuu wetu huyu yuko darasa la ngapi?" Usiulize kwa ukali, maana akihisi anashtakiwa kesho atahamia mtaa mwingine na mtoto atapotea machoni pa kila mtu. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, lakini sare, viatu na madaftari vinanunuliwa. Nunua hivyo, umpeleke mtoto kwa mwalimu mkuu pamoja na mlezi wake. Wakati huohuo jina la mzee lifikishwe kwa mtendaji na kwa afisa ustawi, waulizwe kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na huduma za watu wenye ulemavu. Nani atamwongoza babu mtoto akiwa darasani? Lisipopatiwa jibu mapema, sare itabaki nyumbani. Tafuteni ndugu au jirani mtu mzima wa kushika ile fimbo, hasa Ijumaa, na Ijumaa ya kwanza pita shuleni umuulize mwalimu kama mtoto amefika.