Kwa nini moshi wa kiwanda humwandama maskini?

Je, wajua kwamba tumbo tupu hufyonza madini ya risasi zaidi ya tumbo lililoshiba? Mwili usio na chuma na kalsiamu ya kutosha huidaka risasi na kuipokea kama chakula. Watoto wawili wakicheza kwenye vumbi lile lile, aliyelala njaa ndiye atakayeumia zaidi.

Owino Uhuru ni kitongoji cha watu wapatao 3,000 upande wa bara wa Mombasa. Kwa miaka kadhaa, hadi 2014, kiwanda kilichoyeyusha risasi kutoka betri kuukuu za magari kilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba zao. Kwa nini pale na si Nyali, mtaa wa matajiri wa Mombasa? Mwenye kiwanda hutafuta ardhi ya bei nafuu iliyo karibu na barabara na bandari, pamoja na vibarua wasiotoka mbali. Mpangaji naye hutafuta chumba anachokimudu karibu na kibarua. Basi wote wawili huishia mahali pamoja, ila jioni tajiri anapanda gari lake na kuondoka.

Betri ikipasuliwa, tindikali humwagwa na vibao vya risasi hutupwa tanuruni. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na joto likizidi hapo hufuka moshi. Moshi huo ukipoa unakuwa vumbi jembamba lisiloonekana, ambalo hutua juu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria na mchangani anapotambaa mtoto. Mtoto hulamba vidole, na katika risasi anayoimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mwili wa mtu mzima ungefyonza. Nyingine hujificha mifupani kwa miongo. Mwanamke akishika mimba au akinyonyesha, mifupa hutoa kalsiamu, na risasi hutoka nayo.

Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliyajua haya kwa uchungu. Mwanawe aliugua, akatibiwa kama mgonjwa wa malaria na homa ya matumbo, mpaka vipimo vilipoonyesha risasi kwenye damu. Ilikuwa imempata kupitia maziwa ya mama yake.

Linalonikera zaidi ni hili: risasi hushambulia ubongo unaokua. Mtoto hupoteza utulivu, husahau haraka, huachwa nyuma darasani. Mzazi wake amejinyima ili alipe karo, akitumaini elimu itawatoa pale, na kumbe hewa wanayovuta inaitafuna elimu hiyo. Hapo umaskini haumsogezi mtu kwenye moshi tu. Moshi nao unamrudisha kwenye umaskini, yeye na wanawe.

Omido aliacha kazi, akawaongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano kiwanda kilipofungwa alikuwa ametimiza kumi na mitano siku hukumu hiyo ya mwisho iliposomwa, na risasi iliyoingia mifupani mwake ingali mle.