Kufundisha Kiingereza ng'ambo: nani hasa anamfungia mwombaji mlango?

Tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza huko Asia Mashariki halina maneno mengi. Shahada yoyote. Cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, cha saa 120. Picha ya hivi karibuni, uso uonekane vizuri. Nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye jina na uraia. Na juu ya yote hayo, mara nyingi kwa herufi kubwa: mwombaji awe mzawa wa lugha, yaani native speaker. Uzoefu wa darasani, ukitajwa, hutajwa mwishoni, na pembeni yake pameandikwa kwamba si lazima. Mtu ameulizwa sura na uraia kabla ya kuulizwa kama anajua kufundisha.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika. Mmoja atakwambia ni ubaguzi wa rangi, basi. Mwingine atakwambia ni sheria za viza, usilalamike. Wote wawili wameshika kipande tu. Kuna vizuizi vinavyowekwa na serikali, kuna vinavyowekwa na shule, na kuna vinavyotungwa na wakala ili asisumbuke. Aliyekataliwa ana haki ya kujua amekwamia wapi, kwa sababu dawa ya kimoja haitibu kingine.

"Mzawa wa lugha ndiye mwalimu bora"

Hii ndiyo dhana inayozibeba nyingine zote, na historia yake inapita Afrika Mashariki. Januari 1961, pale Makerere, Kampala, ulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson aliurudia mkutano ule na kueleza kuwa mwelekeo wake ulisimama juu ya imani tano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, mwalimu bora ni mzawa, kadiri kinavyoanza mapema ndivyo vizuri, kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo vizuri, na lugha nyingine zikiingia darasani kiwango kitashuka. Alizipinga zote tano. Kuhusu ile ya mzawa, hoja yake ilikuwa kwamba mwalimu hutengenezwa kwa mafunzo, hazaliwi.

Ingia darasani uone. Mwanafunzi anauliza kwa nini sentensi moja inatumia since na nyingine for, ilhali kwa lugha yake haoni tofauti. Mzawa ambaye hajasomea ualimu ataisahihisha sentensi bila kosa, kisha akiulizwa sababu atasema ndivyo inavyosemwa. Hajakosea, ila hajafundisha. Mwalimu aliyesomea, hasa aliyewahi kukwama hapo hapo yeye mwenyewe, atauliza kwanza: unataja pale jambo lilipoanza, au urefu wa muda wake? Atachora mstari ubaoni, aweke nukta moja kwa since na kipande cha mstari kwa for, na mwanafunzi ataondoka na kitu anachoweza kukitumia kesho bila mwalimu.

Péter Medgyes wa Hungary alilieleza hili mapema miaka ya 1990: mwalimu aliyejifunza lugha ukubwani au shuleni ni mfano hai kwa mwanafunzi, anajua mbinu za kujifunzia, na anaona makosa kabla hayajatokea. Medgyes alitaja pia faida ya kushiriki lugha ya kwanza na wanafunzi. Hapo tuseme ukweli: faida hiyo Mkenya anayefundisha Seoul hana, sawa na vile Muingereza hana. Zile nyingine anazo.

Wazawa hodari kwa ualimu wapo wengi, na hakuna anayewakataa. Kosa ni kukifanya cheti cha kuzaliwa kiwe cheti cha ualimu. TESOL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, kilitoa kauli dhidi ya mtindo huo tangu 1991, kikairudia kwa nguvu zaidi mwaka 2006. Waajiri hawakutikisika sana. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2007, uliohoji taasisi 90 za kufundisha Kiingereza, ulikuta asilimia 72.3 zikiona uzawa wa lugha ni kigezo muhimu zinapoajiri.

"Mzawa maana yake ni mtu aliyelelewa kwa Kiingereza"

Ingekuwa hivyo, tungebishana kidogo tu. Kwenye makaratasi ya ajira, uzawa ni pasipoti.

Korea Kusini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Viza ya E-2, inayotumiwa na walimu wengi wa Kiingereza kwenye shule za umma na kwenye hagwon, yaani shule binafsi za masomo ya ziada, hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtu aliyelelewa kwa Kiingereza Singapore, Lagos au Nairobi, akasoma kwa Kiingereza tangu chekechea hadi chuo kikuu, hayumo. Mmarekani ambaye nyumbani kwao kilisemwa Kihispania yumo. Mwanaisimu Braj Kachru alionyesha tangu 1985 kwamba nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zina Kiingereza chao kilichokomaa, kinachotumika mahakamani, shuleni na magazetini. Orodha ya nchi saba haikumsikia.

Na orodha hiyo si amri ya mbinguni. Mkataba wa kiuchumi kati ya Korea Kusini na India ulioanza kutumika mwaka 2010 uliwafungulia nafasi walimu wa Kiingereza wa India wenye shahada na leseni ya ualimu. Kiingereza cha Wahindi hakikubadilika mwaka ule. Kilichobadilika ni kwamba serikali yao ilikaa mezani ikalidai hilo. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kutia moyo kuliko yote katika mada hii, na serikali za Afrika zingelitazama kwa makini.

Japani imeweka mstari wake mahali pengine. Kwa viza ya kufundisha lugha shuleni, sheria inatazama kama mwombaji amesoma kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi, kwa hiyo uraia peke yake haumtoi mtu. Programu ya serikali yao ya JET, iliyoanza 1987, imewachukua walimu wasaidizi kutoka Jamaika, Trinidad na Tobago, Afrika Kusini, India, Ufilipino na Singapore pamoja na zile nchi zinazotajwa kila siku. China inadai mwalimu afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka miwili au cheti cha ualimu. Kwa vitendo maofisa wengi huishia kwenye nchi zile zile saba.

Thailand inawapokea wasio wazawa wakionyesha matokeo ya mtihani wa Kiingereza, na Wafilipino wengi wanafundisha huko. Lakini mlango ukifunguliwa, ubaguzi huhamia kwenye mshahara. Ni kawaida Mfilipino mwenye shahada ya ualimu kulipwa pungufu ya mwenzake mzawa wa lugha wa chumba cha pili ambaye shahada yake ni ya fani nyingine kabisa, kwa vipindi vile vile na watoto wale wale.

"Ukiwa na pasipoti inayotakiwa, rangi haina neno"

Waulize Wamarekani weusi na Waingereza wenye asili ya Asia. Kinachowakuta kina mpangilio unaojirudia: barua pepe ya kwanza ya shule ina furaha, mshahara unatajwa, tarehe ya kuanza inajadiliwa. Kisha inaombwa picha, au kamera inawashwa kwenye usaili. Baada ya hapo nafasi imejazwa, au kimya. Hakuna aliyetamka rangi, na ndiyo maana ni vigumu kuthibitisha. Upande wa pili, wageni weupe kutoka nchi ambazo Kiingereza si lugha yao wamekuwa wakiajiriwa China na kuambiwa wawaeleze wazazi kwamba wametoka Marekani au Kanada. Shule inayofanya hivyo haiwezi tena kusema inatafuta uzawa wa lugha.

Hapa kuna kisingizio kimoja kinachostahili kutazamwa kwa karibu: lafudhi. Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin, Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, aliwasikilizisha wanafunzi mhadhara uliorekodiwa. Sauti ilikuwa moja, ya mzungumzaji yule yule wa Kiingereza cha Kimarekani. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, jingine picha ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Waliopewa picha ya pili waliripoti kusikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo, na walipopimwa, walikuwa wameelewa kidogo kuliko wenzao. Masikio yao yalisikia kile ambacho macho yalikwisha kuamua. Kwa hiyo mwombaji akiambiwa lafudhi yake ni nzito na mtu aliyeiona picha yake kwanza, asikimbilie kujilaumu. Aombe apewe darasa la mfano, au atume rekodi, apimwe kwa kueleweka na wanafunzi.

"Shule haina kosa, wazazi ndio wanataka hivyo"

Wazazi wanaotaka hivyo wapo kweli. Lakini nani aliwafundisha kutaka? Vipeperushi vya shule hizo hizo, vyenye nyuso za aina moja, vimewaambia kwamba sura ile ndiyo ubora. Sheria ya Marekani imekataa hoja hii waziwazi: matakwa ya wateja hayamruhusu mwajiri kubagua kwa rangi, na lafudhi inaweza kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi pale tu inapozuia kazi yenyewe kufanyika. Mwajiri mwenye nia angeweza kumwambia mzazi kwamba mwalimu huyu amesomea ualimu na ana miaka minane darasani. Habari hiyo mzazi huwa hapewi.

"Huko hakuna sheria, mtu hana pa kulalamikia"

Inategemea ni wapi. Tume ya Ulaya ilisema mwaka 2002 kwamba kudai mzawa wa lugha kwenye tangazo la kazi kunaweza kukiuka sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya uhuru wa wafanyakazi, na kwamba mwajiri adai kiwango cha juu cha lugha badala yake. Uingereza ina Sheria ya Usawa ya 2010, inayojumuisha uraia na asili ya kitaifa ndani ya ulinzi dhidi ya ubaguzi wa rangi. Korea Kusini haina sheria ya jumla dhidi ya ubaguzi, ingawa miswada imepelekwa bungeni mara kadhaa tangu 2007, ila sheria yake ya kazi inakataza kumbagua mfanyakazi kwa uraia wake. Tatizo ni kwamba ulinzi wa namna hiyo humkuta mtu akiwa ameshaajiriwa, na mlango unaozungumzwa hapa ni wa kuingilia.

Hata hivyo kuna kesi moja inayopaswa kujulikana na kila mwalimu. Mwaka 2007 Korea Kusini ilianza kuwadai walimu wa kigeni wa viza ya E-2 kipimo cha VVU. Walimu Wakorea hawakudaiwa, wala wageni wenye asili ya Korea waliofanya kazi ile ile. Mwalimu mmoja kutoka New Zealand, aliyekuwa amekwisha kupimwa, alikataa kupimwa tena ili mkataba wake uongezwe, akaikosa kazi. Alilipeleka shauri kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi. Mwaka 2015 kamati iliamua kwamba sharti lile lilikuwa la kibaguzi na halikuwa na msingi wa afya ya umma, na ikataka alipwe fidia. Mwaka 2017 Korea Kusini ililiondoa. Ilichukua muongo mzima, lakini mtu mmoja aliyekataa kunyamaza aliwaondolea mzigo maelfu waliokuja nyuma yake.

"Cheti kikubwa zaidi kitatatua"

Kitasaidia pale ambapo shule ndiyo inaamua. Cheti cha CELTA, kwa mfano, kina saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku msimamizi akikutazama na kukupima, na mwajiri makini anaijua tofauti yake na kozi ya mtandaoni isiyo na darasa. Lakini hakuna cheti kinachobadilisha uraia. Kama kizuizi ni viza, pesa ya kozi ya pili na ya tatu imepotea bure.

Ndiyo maana swali la kumwuliza wakala mapema, kwa maandishi, ni hili: ni sheria ya uhamiaji au ni uamuzi wa shule? Akisema ni sheria, akutajie jina la viza, kisha masharti yake yasome mwenyewe kwenye tovuti ya uhamiaji au ya ubalozi wa nchi hiyo. Akisema ni shule, omba darasa la mfano kabla ya kutuma picha. Na akisema "njoo kwa viza ya mwanafunzi au ya biashara, tutairekebisha ukifika", acha mazungumzo hapo hapo. China imewakamata, kuwatoza faini na kuwafukuza walimu waliokutwa darasani kwa viza zisizo za kazi, na wakala aliyewaleta huwa hakai nao rumande.